Aliyekuja Kukaa na Hawa

Jillo mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu kutoka Ndera. Babu yako hajambo, mahindi yameanza kutoa ndevu, na mbuzi wako mweupe amezaa pacha.

Umeniuliza uwaambie nini majirani zako, ambao mtoto wao yuko mahututi hospitalini. Nimewaza sana.

Shangazi yako Hawa, ambaye hukumjua, alilazwa hospitali ya Hola akiwa mdogo. Watu walikuja wengi, na kila mmoja aliuliza daktari amesema nini. Nilirudia maneno yaleyale mpaka sauti ikanikauka. Kisha akaja Mama Guyo, mfugaji wa Kiorma ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekula mahindi yetu shambani, tukawa hatusalimiani. Hakuuliza kitu. Aliweka chini kibuyu cha maziwa, akaketi kando ya kitanda.

"Nenda ukaoge, ule kidogo," akaniambia. "Mimi nitamshika mkono. Siondoki."

Niliporudi, alikuwa akimtajia Hawa majina ya ng'ombe wake, polepole, na mtoto ametulia anamwangalia. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi.

Hawa hakupona, mjukuu wangu. Lakini saa yake ilipofika nilikuwa na nguvu za kumpakata, na nilimwimbia mpaka mwisho.

Kwa hiyo maneno ya kukupa sina. Labda uende tu na chupa ya chai, umwambie huyo mama akapumzike, nawe ukae na mtoto wake.

Ni mimi nyanya yako,
Hadhara