Nilivyomwombea Mrefu kwa Macho Wazi

Karakana ya Vioo,
Chumba cha Nyuma.
Jumamosi, tarehe 18 Mei

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mume wako niliye mbali nakusalimu kwa heshima zote, na zile zilizopungua nitakuletea nikija. Hujambo? Goti la kulia linaendeleaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Kikohozi cha mwezi ule kilikwisha au bado unakificha ili usipelekwe zahanati? Nakujua.

Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na mabega yamepanuka mpaka shati la Jumapili limeanza kulalamika kwenye vifungo.

Najua anayekusomea barua hii ni binamu. Binamu, soma kila neno, hasa pale ninapojisifu. Ukiona mwandiko umelala, uamshe. Darasa la sita lilinitosha, na ni mimi niliyeliacha, siyo lenyewe.

Kazi inakwenda vizuri. Sasa nakata kioo kwa mkono mmoja huku napiga mluzi. Madirisha ya nusu ya mtaa huu nimeyatia mimi, na ile nusu nyingine ni kwa sababu bado hayajavunjika. Tajiri wetu hajanisifu, lakini ameacha kunifokea, na kwa mtu kama yule hiyo ni sawa na cheti.

Sasa lile jambo ulilonituma. Siku naondoka uliniambia kila asubuhi niombe nafasi nisiyoitazamia ya kumwambia mtu habari za Yesu, na ikija niitambue. Ukaongeza kwamba mdomo wangu hufika mahali kabla yangu. Nilikusikia, Bibi. Ila nilichukua lile la kwanza, hili la pili nikakuachia mwenyewe.

Basi nikaomba wiki nzima. Jumatano nikatumwa kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima, kumfungia kioo kikubwa cha kujitazamia. Yeye akakishika ukutani kwa mikono miwili, mimi nikawa nakaza skrubu. Nilipobakiza moja, nikaona nafasi ndiyo hii, maana hana pa kwenda. Nikaiweka bisibisi chini nikaanza kumhubiria tangu kuumbwa kwa dunia. Nilipofika kwa Nuhu na wanawe wanne, akanikatiza. Akasema, "Kijana, nimefundisha watoto kanisani miaka ishirini. Wana wa Nuhu walikuwa watatu. Na mikono inaniuma, kaza hiyo skrubu."

Nikakaza. Kabla sijarudi karakana, simu yake ilikuwa imeshafika kwa tajiri.

Aliyecheka zaidi ni Mrefu. Huyu ndiye mwenzangu wa kubeba vioo, ana miguu kama ngazi ya fundi umeme, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Dini hataki kuisikia. Alipomaliza kucheka akafuta machozi yake kwenye bega langu, akaniambia, "Dogo, siku ukinianzishia hayo nimeshika kioo, naachia. Tajiri utamweleza mwenyewe."

Nikamwogopa. Tangu siku hiyo sala yangu ikawa hivi: Bwana, nipe nafasi nisiyoitazamia, ila asiwe Mrefu. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ungeujua tu.

Alhamisi ya wiki iliyopita tulipeleka kioo kwa daktari wa meno, ghorofa ya tatu. Kioo chenyewe ni kipana kama kitanda, lifti haikukitaka, ikabidi tupande ngazi. Mrefu huenda juu kinyumenyume, mimi nabaki chini namwelekeza: kushoto, pandisha, angalia kona. Uzito wote unashukia kwangu, lakini nilishakwambia habari za mabega.

Katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu simu yake ikaanza kulia mfukoni. Mrefu akasimama. Mikono yote miwili iko kwenye kioo, hawezi kuipokea. Ikalia mpaka ikachoka. Ikalia tena, ikanyamaza.

Nikamtania, "Kaka, miguu yote hiyo imeshaisha?"

Nikamtazama usoni, akawa hana rangi. Akasema, "Hiyo itakuwa ni hospitali. Shemeji yako ameingizwa kupasuliwa asubuhi. Mtoto amekaa vibaya."

Bibi, tulikuwa tumekunywa chai pamoja saa mbili, hakusema kitu. Nikamwambia tufike pale ngazi zinapokata kona, tuweke kioo chini, apige. Ni ngazi nne tu. Akasema, "Miguu haiendi." Na kweli ilikuwa inatetemeka, mtetemeko ukawa unakuja kwangu kupitia kioo mpaka kwenye glavu.

Kisha akasema, "Wewe si ndiye mtu wa kuomba. Omba basi."

Unafikiri nilimpa ile hotuba yangu? Ilikuwa imepotea yote, Nuhu na wanawe, hata sikumbuki kama walikuwa watatu au kumi. Kufumba macho siwezi, nikifumba kioo kinatuua wawili. Nikaomba hivyohivyo, macho wazi, namtazama yeye. Nilisema, "Bwana, huyu ni Mrefu. Mke wake yuko mezani na mtoto bado yuko tumboni. Sisi tumekwama hapa, wewe uko kule. Washike." Basi. Amina nilisahau, akaisema yeye.

Nikaanza kumhesabia. Mguu wa kushoto nyuma, kaka. Moja. Sasa wa kulia. Mbili. Tukafika. Tukaegemeza kioo ukutani juu ya maboksi yaliyokuwa pale, akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa anashuka na shavu limevimba kwa jino akasimama kusubiri pamoja nasi, hata sisi hatumjui. Tulikaa pale muda ambao sitaki kuupima.

Mwishowe simu yake ikaita. Akasikiliza, akakaa chini kwenye ngazi. Nikajua yameharibika. Kumbe ni mtoto wa kike, mzima. Mama alitoka damu nyingi lakini wameizuia, ameshaanza kuuliza habari za baba. Nilipokwenda kuwaona siku iliyofuata, mtoto alikuwa na miguu inatoka nje ya kishuka. Nimemwambia Mrefu hapo hana haja ya kuuliza maswali.

Ningeishia hapa ningekuwa nimejisifu vya kutosha. Lakini jana Mrefu alirudi kazini, na tukiwa tunapaka silikoni dirishani, yeye ndani mimi nje, akaniuliza bila kunitazama, "Na kama ile simu ingesema vingine, ungeniambia nini?"

Majibu ninayo, Bibi. Nimeyasikia kwenye mahubiri, mengine yako wewe. Yalikuja yote mpaka mdomoni. Nikamtazama, nikayarudisha. Nikamwambia, "Sijui, kaka. Ningebaki pale nimeshika upande wangu, na ningeendelea kumwita yuleyule niliyemwomba."

Tukamaliza dirisha zima. Tukafuta, tukakunja vitambaa. Tukiwa tunafunga boksi la zana akauliza, "Kwenu Jumapili mnaanza saa ngapi?"

Nikasema, saa tatu. Sikuongeza neno, na wewe unajua kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kioo cha daktari.

Hakusema atakuja. Kesho nitakaa benchi la mwisho, lile lenye nafasi pana mbele yake, miguu yake ipate pa kwenda. Niombee, Bibi. Yeye aje, na mimi nifunge mdomo.

Nisalimie baba na mama, waambie pesa ya sabuni nimepata, wasitume tena. Nisalimie shangazi, na mjomba anayedai mimi siwezi kuamka mapema. Binamu, wewe nakusalimu mwishoni kwa sababu hukosi nafasi ya kujisalimu mwenyewe.

Mungu akulinde, mke wangu, alilegeze hilo goti, na akuache hapo mpaka nije nikusumbue ana kwa ana.

Ni mimi mume wako, mdogo kwa miaka na mkubwa kwa maneno, nikupendaye kila siku.