Nibu ya Shoto

Rwezamenyo, Kigali
Aprili 1992

Kwako Hamimu,

Huku sote wazima. Mama amepona kikohozi, na mvua imebomoa ukuta wa choo tu. Bujumbura nako natumai kwema.

Unakumbuka uliponiuliza kuhusu kalamu yangu ya wino? Ulisema unaweza kuiunga kwa vipande vya tayari kutoka Ulaya, ukereze ganda lake tu kwa mti, au uikereze yote kwa mkono, kwa pembe ya ng'ombe. Nikachagua pembe. Ukasema basi nisubiri mwaka. Ukataka na karatasi niliyoiandika, uone ninavyolaza mkono, maana mimi ni shoto na nibu, ile ncha ya kuandikia, lazima inifuate.

Nikasubiri. Rafiki yangu Belyse, anayetubebea barua zetu akija huko kwako na kurudi, akaniletea kutoka kwako kalamu ya vipande. Nikajiambia kazi zimekubana, nikakushukuru.

Sikukuu ya Idi alikuja kula kwetu. Akajisahau, akatoa kalamu ya pembe nyeusi aniandikie anwani ya fundi wake wa nguo.

"Inakwaruza hii, Zaituni, sijui kwa nini. Aliyenipa anasema nitaizoea."

Nikaiomba. Nikaishika kwa kushoto, nikaandika jina lako. Haikukwaruza hata kidogo.

Nikamrudishia. Nilimwongezea pilau.

Usije ukaichonga upya nibu ile kwa ajili yake.

Zaituni

Mwandiko ukikusumbua, univumilie. Nimeandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekataa.