Chanzo cha Habari za Mwabusiga

Morogoro, 9 Agosti 2009

Dada Generoza,

Leo imetimia miaka thelathini na mitano tangu serikali ituhamishe kutoka kijiji chetu cha Mwabusiga na nyumba zetu zichomwe. Nimefurahi kusikia kwamba sasa wanunuzi wanaigombania pamba yenu huko Mwamapalala.

Mwanao Monika ameanza kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ambako mimi huwafundisha waandishi wapya kutaja vyanzo. Alieleza kijiji chetu: kisima, kanisa, kaburi la baba. Mahali pa chanzo aliandika, "Mjomba Mwandu. Alikuwepo."

Nikamwandikia, "Mpwa wangu, kumbukumbu ya mtu haitoshi. Leta kitabu au gazeti."

Akajibu, "Kwani Mjomba ni mwongo?"

Nilitafuta chanzo miezi miwili. Hata ramani za zamani hazikitaji kijiji hicho. Jana niliufuta ukurasa wake kwa mkono wangu, kwa sababu wengine nimewafutia kwa kosa hilohilo.

Mwambie sikumkasirikia. Ukipata nafasi, mpeleke akalione kaburi la baba, mpalilie pamoja. Mimi sitarudi huko; kijiji kilichochomwa, nami nimekifuta.

Kaka yako,
Mwandu