Mate kwa Mutindi Mdogo

Mbooni, 3 Machi 1987

Mwanangu Mulei,

Salamu nyingi katika Bwana. Natumaini joto la Sultan Hamud halijawachosha, na mkeo Mbinya na mtoto wana nguvu. Mimi moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameniambia waziwazi kwamba sitaiona mvua ya Novemba. Silii. Kinachonisumbua ni kinywa. Ule utando mweupe wa ulimi umerudi tena, ingawa nimepaka dawa ya zambarau mpaka watoto wa jirani wananikimbia. Hata uji unaniwasha.

Usimlete Mutindi mdogo bado. Mmempa jina langu, nami nataka kumtemea mate ya baraka kifuani, kama nyanya yangu alivyonitemea mimi. Si kwa kinywa hiki. Kipone kwanza, kisha nife.

Mama yako

Sultan Hamud, 9 Machi

Mwaitu mpendwa,

Barua imetukuta wazima. Mwenye jina lako ananyonya kama ndama. Mbinya anasema mwalimu kama wewe hafungi shule kabla ya kutoa ripoti, kwa hiyo kifo kisubiri.

Mama, fangasi haishindwi ikiwa kuna kitu kinachoilisha. Niambie kweli unameza dawa gani, zote, hata za dukani. Na yale meno ya bandia, unayavua ukilala? Hapa kliniki ninapofanya kazi wazee wengi hunificha. Usiwe kama wao.

Mwanao Mulei

Mbooni, 16 Machi

Mulei,

Sijambo kiasi. Barua yako ilinikasirisha, kisha nikaona una haki.

Tangu Krismasi nameza vile vidonge vya rangi mbili, tetrasaikilini, kutoka dukani kwa Kivuva. Nikikohoa, nameza. Nilikuambia natumia dawa za daktari tu. Nilikudanganya. Niliogopa kikohozi kitanichukua kabla mtoto hajazaliwa.

Meno siyavui. Kina mama wa kanisa huja kuomba alfajiri, na sitaki Kaluki anione kibogoyo, yeye niliyemfundisha a, e, i, o, u.

Sasa nimekata shauri. Jana niliacha dawa zote, pamoja na vile vidonge vyeupe vya pumu alivyonipa daktari.

Mama yako mkaidi

Sultan Hamud, 18 Machi

Mwaitu,

Leo salamu ni fupi. Nampa dereva wa basi barua hii, haiwezi kungoja posta.

Rudia vidonge vya pumu leo hii! Ni kweli navyo huilisha fangasi, lakini haviachwi ghafla, utaanguka. Mwone daktari, yeye ndiye atakayevipunguza kidogo kidogo. Vile vya rangi mbili usiviguse tena. Meno vua kila usiku, uyasugue na kuyaloweka. Chupa niliyofunga pamoja na barua hii ni nistatini, dawa ya fangasi: izungushe mdomoni polepole, kisha umeze. Usiiache eti kwa kuwa ulimi umeanza kusafika. Kaluki akicheka, mpe mtihani.

Mulei

Mbooni, 21 Aprili

Mwanangu,

Nawasalimu nyote, na kuku wa Mbinya pia.

Daktari amepunguza vidonge vya pumu, na napumua. Chupa ya pili nimeimaliza hata baada ya ulimi kuwa safi. Jana nilikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, bila machozi. Kaluki alinikuta sina meno, akasema, “Mwalimu, sasa wewe na mwenye jina lako mko darasa moja!” Nilicheka mpaka kina mama wakanishika nisianguke.

Moyo ndio hauna nafuu. Siwezi tena kulala chali, nakesha nimeketi. Kwa hiyo msingoje Pasaka ya mwaka ujao wala mwisho wa mwezi. Njooni Jumamosi.

Mkifika mlangoni, mfungueni mtoto kifua. Mate ninayo.

Mama yako, Mutindi mkubwa