Rudisha Mwiko wa Mama

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.
14 Juni

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako mapema, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usiwe na uso wa kuitoa. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Mafua ya mtoto yamepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni usiulize, nakwambia mwenyewe.

Picha uliyotutumia tumeiona. Mwiko wa mama umeutundika sebuleni kwako, juu ya televisheni, unang'aa kwa vanishi. Ndugu wote wamekupongeza eti unamuenzi mama. Mimi nilikasirika.

Asubuhi ile ulipokuwa unaondoka hapa kurudi kwako, nilikuwa bafuni namwogesha mama. Ukapita chumbani kwake, ukaukuta mwiko kitandani. Ukakumbuka kwamba hapiki tena tangu kiharusi kimchukue upande wa kulia pamoja na ulimi, ukaona basi, hauna kazi. Ukautia kwenye begi. Siku mbili ulizokaa hapa macho yako yalikuwa kwenye simu. Ungeyainua ungeona.

Mwiko ule, bwana mkubwa, ndio anaovutia pazia jua likimpiga usoni. Kwa ncha yake anawasha redio, na kuizima akichoshwa na mtangazaji. Anajikunia mgongo, anavutia shuka, anamfukuzia paka. Shemeji yako akiingia na viatu vya matope, mama anaunyoosha kuelekea mlangoni, na mtu mzima anarudi nje bila neno. Yule mtaalamu wa mazoezi aliyemwita "katoto ketu" alichapwa nao goti. Siku hizi anamwamkia kwa adabu zote.

Usinishauri kengele ya betri. Nimenunua, anaitazama tu. Jirani yetu seremala, Mungu ambariki, alimchongea mwiko mpya bure. Mama aliushika kwa mkono wa kushoto, akauacha uanguke. Ule wa zamani umelika pale kinapokaa kidole gumba, kwa miaka thelathini ya kuwapikia wanafunzi wa bweni. Pale hapachongwi na fundi yeyote.

Sasa analala jua likimuunguza uso mpaka mtu aingie. Juzi nilichelewa uani, nikamkuta amelowa, machozi yanamtoka. Mama yetu huyu, aliyekuwa akitetemesha jiko zima. Nilitaka kukupigia nikutukane, nikaona heri kalamu, ina adabu kuliko mimi.

Na kuna hili. Akigonga ukingo wa kitanda kwa mwiko ule mara moja, anataka maji. Mara mbili, choo. Mara tatu, anaumwa. Mara nne ni wewe, mtoto wake wa nne. Kila Jumapili nikimwekea simu sikioni alikuwa anagonga nne, anapumzika, anagonga nne tena. Nawe unasema, "Dada, laini yenu mbovu, inagongagonga." Nikadhani ni utani wako, umezoea. Jumapili iliyopita ukafurahi kwamba siku hizi laini imetulia. Ndipo nikajua hukuwa unatania. Miaka miwili mama anakuita, wewe unalaumu simu.

Ushushe leo hii. Vanishi ikwangue yote, hapendi harufu yake, na usimpe mtu mwingine kazi hiyo. Kisha uulete mwenyewe. Uje na mjukuu, amjue bibi yake. Ukiniambia huna nafasi, nafasi ya kutoboa ukuta ulipata wapi?

Msalimie mkeo, mwambie yeye sina ugomvi naye. Mbusu mtoto. Shemeji yako anakusalimu, na seremala pia. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, na akuharakishe.

Mama naye angekusalimu, ila hana cha kugongea.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako, kifungua mimba