Wimbo Aliotaka Ngamia

Garissa, 20 Mei 1996

Kwa baba yangu, Aabo mpendwa,

Assalamu aleykum. Natumai wewe na mama yangu Hooyo hamjambo na mifugo imepata maji. Mimi ni mzima, ukiacha joto la huku unalolijua, na maharagwe ya shule ambayo heri usiyajue.

Aabo, kuna jambo. Sisi wasichana wanne wa kidato cha tatu tumetunga wimbo juu ya msichana anayetoka nyumbani kwenda shule ya mbali. Maneno mengi ni yangu. Mwalimu Kinoti wa muziki anataka tuufanyie video, kanda ipelekwe shule za msingi za Wajir, wazazi waone kwamba binti akienda sekondari hapotei. Hamse, yule anayepiga video za harusi hapa mjini, ametupa asubuhi moja tu.

Tumepanga mpaka tumegombana. Leyla anataka tucheze kama wasichana wa Nairobi. Mutanu, Mkamba ambaye baba yake ni karani hapa, anataka maua, nami nikamuuliza maua atayatoa wapi Garissa. Mimi nikasema tuanze na ngamia aliyebeba nyumba yetu ya fito na mikeka, maana siku naondoka kuja shule ninyi mlikuwa mnahama. Wakasema haya, lete ngamia.

Kwa hivyo ukileta mifugo soko la Garissa mwezi wa saba, tafadhali njoo na Awl, yule ngamia wetu wa mizigo.

Binti yako,
Deka


Griftu, 8 Juni 1996

Binti yangu Deka,

Wa aleykum salaam. Sisi wazima. Mama yako anauliza kama unakula. Kiswahili hiki nilifundishwa na sajini, kwa hivyo usishangae barua ikisikika kama amri.

Awl nitaleta. Kubeba nyumba ni kazi yake, na picha haimpunguzii kitu. Lakini wewe sitaki uonekane. Kanda haina mwenyewe, Deka. Leo iko Garissa, kesho inachezwa hoteli ya chai huko Diff, madereva nisiowajua wanaulizana huyu ni binti wa nani. Sauti nimeruhusu. Uso hapana. Mimi mwenyewe sijasimama mbele ya mashine hiyo tangu picha ya kitambulisho, na siku hiyo pia nilikasirika.

Tena mwambie huyo mwalimu, Awl ana kiburi. Asimpigie kelele.

Aabo yako,
Korane


Garissa, 19 Juni 1996

Aabo,

Salaam nyingi kwako na kwa Hooyo. Barua nimeipata. Nimeumia, sitakudanganya, maana wimbo ni wangu na mbele watasimama wengine. Leyla alisema nijifunike uso, nikamwambia Aabo yangu atanijua hata kwa kivuli.

Umesema, na mimi nimesikia. Nitatembea upande wa pili wa Awl, mashine isinione. Wewe njoo tu naye.

Binti yako,
Deka


Garissa, 12 Julai 1996

Aabo yangu,

Assalamu aleykum. Natumai mlifika salama na Awl hakumuuma mtu njiani. Hapa tuko sawa, ila nina neno, na ningependa ulisome ukiwa umekaa.

Unakumbuka asubuhi ile nje ya soko, Awl alivyokaa chini na nyumba yote mgongoni akakataa kuinuka. Tulimchezea wimbo wetu kwenye redio kaseti, akafumba macho. Mwalimu Kinoti akambembeleza kwa Kimeru. Mutanu akampa biskuti, akaila na hakusogea. Ndipo ukachoka na sisi, ukaja ukamwimbia wimbo wako wa kisimani, ule wa kunywesha, na papo hapo akainuka. Ukamwongoza mpaka kwenye miti ile, mkono juu, ukiimba.

Ulidhani Hamse hajawasha mashine. Alikuwa ameshaiwasha, Aabo. Hakufanya hila, wala sisi hatukujua mpaka tulipoiangalia. Uko mwanzo wa kanda, wewe mzima, na sauti zetu zinaingia pale pale unapomaliza, kama tulipanga.

Mwalimu anasema bila wewe hakuna video, kuna ngamia aliyelala. Na asubuhi yetu ya Hamse imekwisha. Lakini uliniambia hutaki mashine, kwa hivyo nimewaambia kanda haiendi Wajir mpaka ujibu. Abdilatif wa lori anakuletea nakala pamoja na barua hii. Ukisema ifutwe, itafutwa.

Binti yako,
Deka


Garissa, 24 Julai 1996

Aabo,

Salaam. Natumai mko wazima, maana hamjaniandikia. Abdilatif anasema alikupa kanda mkononi, ukaingia nayo hoteli ya Olow yenye televisheni, ukafunga mlango. Zaidi ya hapo hajui.

Kama umekasirika niambie. Ninaogopa kuja likizo nikukute umenuna. Mwalimu ananiuliza kila asubuhi kama umejibu.

Deka wako


Griftu, 29 Julai 1996

Binti yangu Deka,

Wa aleykum salaam. Tuko wazima wote, hata Awl, ambaye sasa anajiona mkubwa.

Sikukasirika. Nilichelewa kwa sababu kanda hawanirudishii. Nilifunga mlango niangalie peke yangu, lakini jenereta ya Olow ikinguruma Griftu nzima inajua kuna kitu. Wengine waliingia kwa dirisha. Tuliangalia mpaka dizeli ikaisha, na kesho yake wakaleta dizeli yao. Sasa nikipita sokoni watoto wanainua mkono kama mimi. Mzee Jelle ameniuliza kama nitaimba harusi ya mwanawe, na mama yako amecheka mpaka akashika ukuta.

Mwambie mwalimu apeleke. Wajir, hata Diff. Madereva wakiuliza huyu ni nani, waambiwe ni Korane wa Griftu.

Lakini nina malalamiko. Nilikutafuta kanda nzima. Nimemwona Leyla, nimemwona binti wa karani, hata mwalimu akikimbia kumpisha Awl nimemwona. Wewe nimeona sandali zako tu, zile za buluu, zinatembea chini ya tumbo la ngamia. Mama yako aliziwekea kidole pale kwenye kioo na hakukitoa mpaka zikapita. Wallahi hii si haki. Mimi nisiyetaka nimejaa kioo kizima, na mwenye wimbo ni miguu.

Mkipiga nyingine, simama mbele. Huo upande wa pili wa Awl nitatembea mimi.

Aabo yako,
Korane