Bado Wanne

Nyamiaga, Ngara
3 Juni 2002

Mdogo wangu Laurian,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Petronila na tumbo lake. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo unaochemka, ndiyo maana sikungoja hata Jumapili nikae nikuandikie vizuri.

Ijumaa Senegali wamewapiga Wafaransa moja bila. Nilikuwa pale Benaco, ndani ya banda la video la bosi wako, nimekalia dumu langu la pombe. Alhamisi, siku moja kabla, wewe mwenyewe uliniandikia tiketi: Senegali, 1 kwa 20, dau elfu tano, Adelfina wa Nyamiaga. Ukanicheka. Wote walinicheka, kwamba mwanamke muuza pombe anamwaga hela kwa timu ambayo hata jezi zake hajawahi kuziona. Nikawaambia hao Wasenegali waliwatumikia Wafaransa miaka mingi, na mtumishi wa jikoni ndiye anayejua bwana anaogopa nini.

Jumamosi nikaenda kuchukua laki yangu. Wewe hupo. Malongo akasema amekuhamishia Biharamulo, kwenye banda lake jipya, umeondoka na basi la alfajiri. Alfajiri gani hiyo ambayo hata dada hapitiwi kuagwa? Kisha akaishika tiketi yangu kwa vidole viwili, akasema, "Mama, hapa ni moja kwa mbili. Karani aliongeza sifuri." Akanipa elfu kumi. Nikaiacha juu ya meza yake.

Unajua hiyo laki ni ya nini. Shamba la migomba la baba liko kwa Matiasi tangu nilipoliweka rehani kumtibu marehemu mume wangu, na Matiasi anataka elfu themanini zake kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti. Siku hiyo ikipita anavuna yeye.

Sitaki mengi. Niandikie mstari mmoja, kwamba Malongo ndiye aliyekwambia uandike ishirini. Nitaubeba mwenyewe.

Dada yako,
Adelfina


Biharamulo
11 Juni 2002

Dada Adelfina,

Shikamoo. Huku hatujambo. Petronila miguu imevimba lakini anakula. Banda la huku bado halina watu kama la Benaco, ila Malongo ameniongezea mshahara na ametupa chumba cha kulala nyuma ya banda.

Kuhusu ile tiketi, dada, alivyokwambia ni kweli. Nilikosea. Watu walikuwa wengi, nikaongeza sifuri. Chukua hiyo elfu kumi, ni faida pia, wengine wameondoka mikono mitupu. Ya shamba tutaomba Mungu. Nikipata chochote mwisho wa mwezi nitakutumia.

Usiende kugombana na yule mtu. Ana watu wake, na mimi nina mtoto anayekuja.

Mdogo wako,
Laurian


Nyamiaga
17 Juni 2002

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Petronila akae ainue miguu juu ya kigoda, na asibebe maji.

Sasa wewe. Mimi ndiye niliyekufundisha hesabu, mama alipokuwa shambani na wewe hujaanza hata darasa la kwanza. Nakujua unapokosea, na nakujua unapodanganya. Ukikosea unajikuna sikio. Ukidanganya unaandika vizuri. Barua yako haina hata neno moja lililofutwa.

Tena sikiliza. Tuliotia dau kwa Senegali tuko kumi na mmoja. Mmoja ni mimi. Kumi ni wakimbizi wa kambini Lukole, wakiwemo Nduwayo fundi baiskeli na mama Iradukunda anayeuza chumvi. Wao walitia mia tano, wengine mia mbili, hela za mahindi ya posho waliyouza. Nimezipitia tiketi zao zote, na zote zina sifuri. Ulikosea mara kumi na moja, Laurian? Mkono uliteleza mara kumi na moja, na kila ulipoteleza ukaangukia palepale?

Wao Malongo hakuwapa hata hiyo moja kwa mbili. Amewaambia mkimbizi akifika polisi Ngara ataulizwa kwanza kibali cha kutoka kambini. Mimi kibali sihitaji, nikaenda kwa mtendaji. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Mama, hiyo ni kamari isiyo na leseni. Ukishtaki, mnaingia wote." Nikamuuliza, na nisiposhtaki nani anaingia? Akacheka, akanikaribisha chai.

Basi tumekwenda kwa wazee. Mzee Bigirimana na wenzake wa kambini wamekubali kukaa na wazee wa kwetu, pale Benaco sokoni, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Malongo amekubali kuja, maana wateja wake ni haohao. Mstari wako bado naungoja.

Dada yako,
Adelfina


Biharamulo
1 Julai 2002

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umekwisha kusikia, na najua umekasirika. Nisome mpaka mwisho kwanza.

Jumamosi Malongo alinileta Benaco na gari, nikiwa na kanda za video. Nilikuta wazee wamekaa na wewe hujafika. Malongo akaweka dumu la pombe ya ndizi katikati, pombe ya kufuta maneno, akaniita mbele yao. Pembeni alikuwa ameniambia kwamba wewe atakulipa laki yako yote, kimyakimya, ila ukubali kwamba tiketi za wale kumi zilikosewa. Nikafikiri baba hayupo, mimi ndiye mwanamume wa nyumba yetu, na shamba linarudi. Nikachukua mrija, nikanywa. Wazee wakasema ndugu wa mdai amekunywa, maneno yamekwisha.

Niliona aibu kukungoja. Lakini dada, shamba ni letu, hao wakimbizi leo wapo, kesho wanarudi kwao Burundi. Nenda kachukue laki yako. Nakusihi.

Mdogo wako,
Laurian


Nyamiaga
8 Julai 2002

Laurian,

Mimi mzima. Salamu kwa Petronila.

Nilichelewa Jumamosi ile kwa sababu basi liliharibika Kasulo, na nilipofika nikakuta watu wanafuta midomo. Nduwayo ndiye aliyeniambia. Hakunilaumu, alisema tu, "Mama, ndugu yako amekunywa," akageuka kuendelea na baiskeli yake. Nimezika mume, Laurian, na sikulia njiani. Siku hiyo nililia njia nzima mpaka nyumbani, na abiria wenzangu wakadhani nimefiwa tena.

Jumapili nikaamka nimemaliza kulia. Nikanunua ndizi, nikazivundika, nikazikamua mwenyewe kwa mikono, nikapika pombe dumu moja, la kipimo kilekile alichokitoa Malongo. Jumamosi ya juzi nikalipeleka Benaco na kuliweka mbele ya banda lake, saa nne asubuhi, soko limejaa, wazee wamekaa. Nikasema, "Hii ndiyo pombe aliyokunywa mdogo wangu. Nimeirudisha yote. Dai langu liko palepale."

Wazee wakanong'onezana. Mzee Bigirimana akauliza kama mwanamke anaweza kurudisha pombe iliyonywewa na ndugu yake wa kiume. Nikamwambia, "Mzee, kuipika ninaweza, kuibeba nimeibeba. Kuirudisha kutanishindaje?" Yule mzee ni mkali lakini ana haki. Akasema haijawahi kutokea, na haijakatazwa.

Malongo akatoka nje na laki moja mkononi, noti mpya, akanikunjulia mbele ya watu. Chukua, mama, tumalizane. Nikamuuliza na wale kumi. Akasema wale ni jambo jingine. Nikamwambia tiketi ni zilezile, sifuri ni zilezile, kama yangu ni ya kweli zao ni za kweli, na kama zao ni za uongo basi asinipe hela za uongo. Sikuchukua. Shamba la baba lilikuwa pale mkononi mwake, Laurian, nililiona kabisa, na sikulichukua.

Usije ukafikiri mimi ni mtakatifu. Nilifanya kwa hasira. Nilimtazama akiwapita wale watu kwa macho kama apitaye nguzo, na wao ndio waliomjengea banda lile.

Wazee wameahirisha mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Wanamtaka karani. Aje mwenyewe, aseme aliambiwa aandike ngapi. Malongo amesema karani ana kazi nyingi.

Sikuombi. Nilikuomba mara mbili inatosha. Nakujulisha tu siku na mahali.

Dada yako,
Adelfina


Biharamulo
22 Julai 2002

Dada Adelfina,

Shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima sijamwonyesha Petronila. Aliikuta mfukoni alipokuwa anafua. Akaisoma, akaianika pamoja na shati, akaniuliza kama mtoto naye tutamfundisha kuongeza sifuri.

Malongo alikuja jana. Alisema nisipoonekana Benaco, banda la huku nitalisimamia mimi, nusu kwa nusu. Nikamwambia nimeelewa. Alipoondoka nikafunga banda, nikaanza kutoa vitu vyetu kwenye kile chumba. Havikujaa hata mkokoteni mmoja. Tumehamia kwa mama mkwe.

Dada, Alhamisi ile kabla ya mechi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliandika 1 kwa 5. Akaninyang'anya kalamu, akakata, akasema, "Weka ishirini, waje wajinga wengi." Tiketi ya kwanza kabisa, ya Nduwayo, ilikuwa ile. Mwambie aitazame vizuri, chini ya ishirini kuna tano iliyokatwa, na mkato ule si mkono wangu. Kesho yake alipoona Wafaransa wamefungwa, alinipa nauli ya Biharamulo kabla refa hajafika vyumbani.

Nilikudanganya. Niliogopa njaa, na bado naiogopa. Nikisimama mbele ya wale watu sijui watanitazamaje, maana pombe ya kufuta maneno yao niliinywa mimi.

Jumamosi nitakuwa Benaco kabla wazee hawajakaa.

Mdogo wako,
Laurian


Nyamiaga
16 Septemba 2002

Mdogo wangu Laurian,

Marahaba ya siku zote ambazo hukuniandikia. Nimepata habari kwa konda kwamba Petronila amejifungua msichana na wote wazima. Nashukuru Mungu. Nimetuma kanga mbili na karanga kidogo. Kama konda atasema karanga zilimwagika njiani, mnuse mdomo.

Hapa wanakukumbuka. Siku ile uliposimama sokoni na sauti ikakukauka, nilidhani utakaa chini. Hukukaa. Mama Iradukunda mpaka leo anasimulia jinsi ulivyoomba radhi kwanza kabla ya kutoa ushahidi. Mzee Bigirimana amesema mtu aliyekunywa vibaya akatapika hadharani amepona.

Unajua wazee waliamua Malongo awalipe wote. Akalia kwamba hana hela zote kwa pamoja, wakamruhusu kidogo kidogo, kila Jumamosi mtu mmoja au wawili, kadiri banda linavyoingiza. Wakauliza nani aanze. Nikasema waanze wakimbizi, kwa sababu malori ya kuwarudisha kwao yameanza, na mtu hawezi kudai akiwa ng'ambo ya mpaka. Mimi niwe wa mwisho.

Kwa hiyo Kupalizwa ilipita na Matiasi amechukua shamba. Sikufichi, inauma. Jana nimenunua kwake mikungu mitatu ya kupikia pombe, kutoka kwenye migomba aliyoipanda baba, nikalipa na akanirudishia chenji. Matiasi si mtu mbaya, amesema nikija na hela hata mwakani ataniachia. Nitakuja nazo.

Mpaka juzi wamelipwa saba. Nduwayo amelipwa, na ile tiketi ya mkato amekataa kuirudisha, ameibandika ukutani kwenye kibanda chake.

Malongo anachelewesha, anadhani tutachoka. Basi mimi kila Jumamosi nakaa na dumu langu kwenye njia anayopita kwenda bandani, na akifika namsalimia kwa heshima zote, kwa sauti ya sokoni, na hesabu ya waliobaki kulipwa. "Habari za asubuhi, Malongo. Bado wanne." Mwanzoni hakuitikia. Sasa wauza nyanya na wauza dagaa wameanza kumsalimia hivyohivyo. Juma lililopita akabadili njia, akapita nyuma ya machinjio.

Nimehamia nyuma ya machinjio.

Dada yako,
Adelfina